Sura ya Tisa: Bakuli la Kumi na Tano

Kwa miaka minne mizima Nolan Brandt alikuwa amepigwa marufuku kula soseji za Vondra. Mji wa Brodek, jimbo la Nebraska, una watu mia nane na bucha moja tu, kwa hiyo adhabu hiyo haikuwa ndogo. Kosa lenyewe halikuhusu nyama. Nolan alikuwa amemwandikia Tess Vondra barua ya maneno matatu kutoka jeshini, na Tess akalia siku tisa. Lad Vondra, baba yake, hakujua namna ya kumtia adabu askari aliye ng'ambo ya pili ya dunia, ndipo akatangaza mbele ya wateja kwamba soseji zake kijana yule hatazionja tena. Bahati mbaya Nolan hakupata habari. Aliadhibiwa miaka yote hiyo bila kujua.

Alijua Jumamosi ile, kengele ya mlango wa bucha ilipolia na yeye akaingia amekumbatia boksi kubwa.

"Hatuuzi," Lad alisema bila kuinua macho kwenye mbavu za nguruwe alizokuwa akizikata.

"Sikuja kununua, Bwana Vondra."

"Basi mlango ni huo huo ulioingilia."

"Nimekuja kumwomba Tess msaada."

Kisu kikasimama hewani. Nyuma ya kaunta alikuwa Tess mwenyewe. Miaka minne alikuwa amelifanyia mazoezi tukio hili. Katika mazoezi yake alivaa gauni jekundu, nywele zimetengenezwa, na Nolan alikuwa ameota kitambi na kipara. Sasa Nolan huyu hapa, mabega yameongezeka, nywele zote zipo, na yeye Tess amevaa aproni yenye damu ya ng'ombe na kofia ya wavu kichwani. Maisha yana dharau.

"Msaada wa nini?" aliuliza, akajipongeza kimoyomoyo kwa sauti ile kavu.

Nolan akaliweka boksi juu ya kaunta kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kushika vitu vinavyolipuka. Ndiyo iliyokuwa kazi yake jeshini, kutegua mabomu. Ndani ya boksi mlikuwa na mabakuli ya kuokea, ya kioo na ya udongo, yamepangwa na kutenganishwa kwa taulo. Yalimeremeta.

"Niliyaosha," akasema.

"Nayaona yamesafishwa."

"Niliyasugua. Jeshini tunasugua kweli kweli." Akaligeuza moja chini juu. "Selotepu zimetoka, Tess. Zote kumi na nne."

Halafu Lad Vondra, mtu ambaye tangu mkewe Marie afariki huwa anacheka Krismasi tu, aliangua kicheko mpaka akashikilia kaunta.

Alikuwa na haki ya kucheka. Brodek mtu akirudi kutoka vitani, au akifiwa, au akijifungua, wanawake wa mji humpelekea chakula, na kila bakuli huwa na kipande cha selotepu chini yake chenye jina la mwenyewe. Ukishakula, unaosha, unalirudisha kwa mkono wako mwenyewe, na halirudi tupu. Nolan alishuka Brodek Jumanne jioni. Mama yake alikuwa amehamia Arizona kwa dada yake, nyumba ya Mtaa wa Elm ilikuwa tupu, na wanawake wa Brodek hawawezi kuvumilia wazo la mwanaume mwenye nyumba tupu. Hadi Alhamisi usiku meza ya jikoni haikuonekana. Na sasa yule askari shujaa, kwa usafi wake uliopindukia, alikuwa na mabakuli yote hayo yasiyo na mwenyewe.

"La Arlene Pospisil limo humo?" Lad akauliza, akijifuta machozi.

"Nadhani limo, mzee."

Kicheko kikamwisha Lad papo hapo. Mwaka wa theluji kubwa, baada ya mazishi fulani, mtu alilipeleka bakuli la Bi Arlene kwa binamu yake Bernice, na la Bernice kwa Bi Arlene. Mabinamu wale hawakusemeshana miaka kumi na mmoja. Kanisani kila mmoja alikaa upande wake, na padri alilazimika kuhubiri akigeuza shingo huku na huku ili asionekane anapendelea.

"Tess ndiye anayeosha vyombo baada ya kila harusi na kila msiba hapo kanisani," Nolan akasema. "Hakuna bakuli la mji huu asilolijua. Nikikosea, Bwana Vondra, hayatanikuta mimi peke yangu. Vita vitaanza upya."

Lad alimtazama kijana, akalitazama boksi, akamtazama binti yake. Mapenzi ya baba yalipigana na amani ya kanisa.

"Saa kumi na moja kamili awe amerudi hapa," alisema hatimaye. "Kamili, si na dakika. Na soseji huuziwi."

Tess alivua aproni na ile kofia ya wavu, akainama juu ya boksi aanze kuyatambua. La Wilma hili, la mke wa mwalimu mkuu hili, haya mawili ya kioo yanayofanana kama mapacha ni la Bi Arlene na la Bernice. Alihesabu kwa kidole. Kumi na nne. Kisha akainua taulo la chini kabisa, kidole kikaanza kuhesabu upya.

Palikuwa na la kumi na tano. La buluu, la udongo, limemeguka kidogo ukingoni.

Lilikuwa la marehemu mama yake. Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, kabla mwanamke mwingine yeyote hajaamka, Tess alilijaza kuku na tambi, akaliacha kwenye baraza ya Nolan, akatimua mbio. Hakubandika jina. Alijiambia amesahau, lakini hata yeye hakuliamini hilo, kwa maana Brodek hakuna anayesahau jina. Bakuli lisilo na selotepu hukaa nyumbani kwa mwenyewe tu, kabatini, kwa watu ambao hawana haja ya kuambiwa ni la nani.

Alimpenda bado. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko vyote.

"Vipi?" Nolan akauliza.

"Hakuna. Tuondoke." Akalirudishia taulo. Angetafuta nafasi alichomoe kabla halijaonekana.

*

Pikapu ya Nolan ilinuka tufaha. Alikuwa amechuma debe zima kwenye mti wa mama yake, matano kwa kila bakuli, ili pasiwe na linalorudi tupu. Nje ya dirisha mashine za kuvuna zilikuwa zikitembea mashambani na vumbi la mahindi limesimama kila upande. Tess alikaa kulia, amejibana kwenye mlango kana kwamba kuna mtu wa tatu katikati yao.

"Unaendeleaje?" Nolan akauliza.

"Kata kushoto. Kwa Wilma."

"Sawa."

Mji mzima ulijua, na Tess alikuwa ameambiwa na watu wanne tofauti, kwamba mkataba wa Nolan ulikuwa ukingoni. Jumatatu lazima awajibu jeshini, ama aongeze miaka minne, ama avue magwanda. Siku mbili zilikuwa zimebaki. Tess alitaka abaki. Alitaka hivyo mpaka usingizi ukamkimbia tangu Jumanne, na angeitafuna aproni yake kabla ya kumwambia.

Kwa Wilma mambo yalikwenda vizuri mno. Wilma alilipokea bakuli, akahesabu matufaha, akamwambia Nolan kwamba mpwa wake ametalikiwa hivi karibuni na anajua kucheza mpira wa magongo. Kwa mke wa mwalimu mkuu waliambiwa habari za binti anayesomea uuguzi. Nyumba ya tatu hawakuwa na binti, wakamtaja mjane wa miaka arobaini na tisa, "lakini ukimwona huwezi kudhani."

"Wewe ndiye chakula chenyewe," Tess akasema waliporudi garini. Alishindwa kujizuia. "Wamekutumia mabakuli kama chambo."

"Nimeliona hilo. Mwenye tambi na jibini alibandika na picha ya mjukuu wake."

"Picha nayo uliiosha?"

"Hiyo niliirudisha ndani ya bahasha. Nina adabu zangu."

Tess aligeukia dirishani ili asionekane anatabasamu. Hii ndiyo tabu ya Nolan, alimchekesha mtu akiwa katikati ya hasira. Hasira ya miaka minne si kitu cha kuchezea, ina heshima yake, nayo inataka mtu akae nayo bila kuchekacheka.

Nyumba ya sita, Nolan aliposhuka na bakuli, Tess alipata nafasi. Alifunua taulo, akalitoa bakuli la buluu, akalisukuma chini ya kiti chake na kulifunika na koti. Nolan akarudi, akaingia, akawasha gari. Kisha, bila neno, akainama, akanyoosha mkono chini ya kiti, akalitoa na kulirudisha ndani ya boksi.

"Hilo zamu yake bado," akasema.

"Lilikuwa… linaniumiza mguu."

"Pole."

Akamtazama, naye akatazama mbele. Masikio yake Nolan yalikuwa yamepata wekundu, lakini Tess alikuwa na shughuli na mashavu yake mwenyewe.

Kwa Bi Arlene Pospisil walifika saa kumi na nusu. Bi Arlene alikuwa amesimama kibarazani tayari, kwa sababu Wilma alikwisha kupiga simu. Alikuwa na miaka themanini na mbili, mwembamba, amenyooka, na miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Subiri," Tess alinong'ona. "Yako mawili. Usichukue mpaka nikuonyeshe. La Bi Arlene lina mkwaruzo mdogo kwenye—"

Lakini Nolan alikuwa ameshachukua moja na kushuka. Hakuyatazama mara mbili. Tess aliliangalia lililobaki, akaligeuza kwenye mwanga. Halikuwa na mkwaruzo. Alikuwa amechukua lenyewe. Bahati iliyoje, alijiambia, na akashuka akimfuata.

"Sajenti," akasema Bi Arlene.

"Bi Arlene. Nimeleta bakuli lako, na asante sana. Lilikuwa tamu."

"Lipi lilikuwa tamu, bakuli?"

"Chakula, mama. Viazi."

Bi Arlene akavaa miwani. Alilipokea, akayatoa matufaha moja moja na kumkabidhi Tess kama mtumishi, akaliinua juani. Aliuona mkwaruzo. Nolan, mtu aliyewahi kulala kifudifudi mbele ya mabomu ya kutegwa barabarani, alikuwa akitokwa jasho shingoni.

"Ndilo," Bi Arlene akatangaza.

Wote wawili wakashusha pumzi.

"Selotepu yangu iko wapi?"

"Ilitoka nilipoosha, mama. Naomba radhi."

"Haikutoka."

"Samahani?" Nolan alijifanya kumgeuzia sikio la kushoto, lililokufa kwa mlipuko jeshini. Bi Arlene akazunguka, akahamia upande wa kulia.

"Nimesema haikutoka. Baada ya yale mambo ya Bernice, mimi jina langu naliandika, nalibandika, halafu juu yake napaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Mara tatu. Bakuli hili limeoshwa miaka ishirini na mitano na jina halijawahi hata kunyanyuka pembe. Maji hayawezi kulitoa. Sabuni haiwezi. Labda mtu akae chini na wembe, taratibu, nusu saa nzima, analibandua kwa makusudi." Akamwangalia juu ya miwani. "Sasa niambie, kijana wa Brandt, mtu mwenye akili timamu anakaa nusu saa na wembe kubandua jina langu kwa sababu gani?"

Masikio ya Nolan yalikuwa mekundu kuliko matufaha aliyoyashika Tess.

Bi Arlene alimtazama Nolan, akamtazama Tess, akamrudia Nolan. Uso wake ukalegea kidogo, jambo ambalo Brodek halikuwa limeshuhudiwa kwa muda.

"Aa," akasema. "Basi nilitaka kukutajia mjukuu wangu, daktari wa meno, yuko mjini Lincoln. Lakini naona nimechelewa. Nendeni zenu, nina keki ovenini."

*

Nolan aliendesha gari hadi nyuma ya maghala ya mahindi, akalizima. Hakuna aliyemwambia asimame. Alijua tu.

"Ulizibandua," Tess akasema.

"Ndiyo."

"Zote? Kwa wembe?"

"Nyingine zilitoka kwa maji ya moto. Ya Bi Arlene ilinipa kazi. Nimetegua vitu vyepesi kuliko ile."

"Nolan Brandt, una wazimu?"

Nolan alifungua kijisanduku cha mbele ya kiti na kumpa daftari dogo la kijani. Tess akalifungua. Selotepu zilikuwa zimebandikwa humo moja kila ukurasa, zimenyooka, na chini ya kila moja mwandiko mdogo wa kijeshi. *Arlene Pospisil. Kioo. Mkwaruzo pembe ya kulia, urefu wa kucha. Viazi. Alhamisi saa nne.* Alipindua ukurasa baada ya ukurasa. Mtu huyu alikuwa na kumbukumbu za kila bakuli, kila mlo, kila saa. Hakuhitaji msaada wa mtu yeyote.

Ukurasa wa kwanza kabisa haukuwa na selotepu. *La buluu. Limemeguka ukingoni. Kuku na tambi, pilipili manga ya kumtoa mtu kamasi. Halina jina. Jumatano saa kumi na mbili alfajiri, mbio, na buti za baba yake.*

Tess alifunika uso kwa daftari. "Uliniona."

"Nilikuwa nimekaa jikoni, usingizi hauji. Nikaona mtu anakimbia na buti kubwa mara mbili ya miguu yake. Ulianguka kwenye ua wa jirani."

"Sikuanguka. Niliteleza."

"Uliteleza mara mbili."

"Kwa nini hukuja tu, ukaniuliza kama binadamu?"

"Nilikuja! Jumatano nilifika mlangoni, baba yako ameshika shoka. Alhamisi nikafika, ameshika msumeno."

"Ni mwenye bucha, Nolan! Unataka ashike maua?"

Alicheka, naye Tess akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomharibia, maana kilipoisha machozi yalikuwa yameshafika. Hakuyataka. Aliyafuta kwa nguvu.

"Barua ya maneno matatu," akasema. "*Usinisubiri, Tess. Nolan.* Maneno matatu, na mawili ni majina! Nilikuwa tayari kukusubiri. Nilikuwa nimekuahidi. Hukuniuliza hata kama nimechoka."

Nolan alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa likienda popote.

"Wiki ile alikufa Mendez, tuliyelala naye chumba kimoja," alisema taratibu. "Mkewe alikuwa na mimba. Nilikaa nikafikiria maafisa wawili wanakwenda kugonga mlango wa mtu kupeleka habari ya kifo, nikaona huo mlango ni wa bucha lenu. Nikaona bora unichukie. Nilidhani ukinichukia itakuuma kidogo."

"Iliniuma sana."

"Najua sasa."

"Na ningekuwa nakuchukia *na* wamekuja kugonga, ingekuwaje? Ulifikiria hilo? Ningelia siku tisa kwa hasira na tisini kwa msiba. Lile lilikuwa jambo langu la kuamua, Nolan. Langu! Wewe ukaliamua peke yako, kwa maneno matatu, ukabandika na stempu."

"Ndiyo." Hakujitetea. Aligeuka mwili mzima kitini, sikio zima likimwelekea, macho yake hayakutoka usoni kwake, na Tess akaona jinsi yalivyochoka na jinsi yanavyomtaka. "Nilikosea. Nimekosea vitu vingi lakini hicho ndicho ninachoamka nacho. Nakupenda, Tess. Nilikupenda nikiandika ile barua. Nilipoonja zile tambi Jumatano, nilikaa pale jikoni nikalia, na si kwa sababu ya pilipili tu."

Moyo wa Tess ulikuwa umekwisha kumkimbia, lakini ulimi ulibaki kulinda nyumba.

"Na Jumatatu?" akauliza. "Unataka nikuambie baki, ili baadaye ukichoka na mahindi uniambie mimi ndiye niliyekufunga? Usinitupie huo mzigo."

"Sikutupii. Ijumaa nilishawapigia. Siongezi mkataba."

Tess alimkodolea macho. "Umeshawapigia?"

"Kaunti inatafuta mtu wa kukagua madaraja. Nimewaambia nipo. Nakaa Brodek, Tess, hata ukinipita barabarani bila salamu miaka mingine minne, hata baba yako aninyime soseji mpaka nife. Hiyo ni yangu na nimeamua. Lakini kuna moja siwezi kuamua peke yangu, ndiyo maana nikatafuta mchana mzima wa kukaa na wewe nikaukosa ujasiri kila nyumba." Akanyoosha mkono nyuma, akalitoa bakuli la buluu na kumwekea mapajani. "Hili nilirudishe wapi?"

Tess alilishika. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye ule ukingo uliomeguka. Alitaka kusema. Maneno yote yalikuwepo, yamejaa mdomoni, yanasukumana, na hata moja halikutoka.

"Saa," alisema hatimaye. "Saa ngapi?"

Nolan akatazama. "Kumi na moja kasoro dakika nne."

"Baba!" Tess akapiga kelele. "Washa gari!"

*

Lad Vondra alikuwa amesimama nje ya bucha, saa mkononi, kisu cha kuchunia kiunoni. Pikapu ilifunga breki mbele yake kwa kishindo.

"Sekunde arobaini," akasema. "Umeponea kwenye sekunde arobaini."

"Ndiyo, mzee."

"Mabakuli?"

"Tisa yamefika. Yaliyobaki kesho baada ya misa. La Bi Arlene limefika salama, mzee."

Lad alipumua kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Ndipo akaona kile alichokishika binti yake kifuani. Akasogea, akakigusa kwa kidole kimoja kinene, pale pale ukingoni. Yeye ndiye aliyelimegua, mwaka wa kwanza wa ndoa, na Marie alimcheka wiki nzima.

"Hili ni la mama yako."

"Ndiyo, Baba."

"Lilikwenda kwake lini?"

"Jumatano."

Lad aligeuza bakuli, akatazama chini yake. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona kwamba hapana kitu.

"Hukuweka jina," alisema.

Tess alikuwa amemkasirikia Nolan kwa kuandika maneno machache. Sasa aliona aibu kwamba yeye hata hayo machache alikuwa hajayasema. Akapiga moyo konde. Alilichukua bakuli mikononi mwa baba yake, akazunguka gari mpaka upande wa dereva ambako Nolan alikuwa ameshuka, akasimama upande wake wa kulia ili kusiwe na kisingizio.

"Usilirudishe popote," akasema. "Rudi nalo Mtaa wa Elm. Liweke kabatini, rafu ya chini, maana juu sifiki. Nitalikuta huko."

Yule mtegua mabomu alimsogezea sikio lake zima mbele ya watu, kwa sababu watu walikuwepo. Wilma alikuwa dirishani kwa posta. Bi Arlene alikuwa ameegesha gari ng'ambo ya barabara, amevaa miwani.

"Umesikia?" Tess akauliza.

"Nimesikia. Sema tena."

"Sisemi tena. Nina miaka ishirini na saba na nanuka nyama."

Akambusu pale pale, akiwa amelikumbatia bakuli katikati yao lisianguke. Honi ya Bi Arlene ikalia mara moja, fupi, kama muhuri.

"Inatosha!" Lad akanguruma.

Wakaachiana. Lad alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, uso hausomeki. Alitaka bakuli. Tess akamtazama Nolan, Nolan akamtazama Tess, na hapakuwa na la kufanya ila kumpa. Alilichukua, akaingia nalo bucha, mlango ukafunga nyuma yake na kengele ikalia.

Walisimama barabarani wakisubiri. Walisikia mlango wa chumba cha baridi ukifunguliwa. Walisikia ndoana zikigongana. Tess alishika mkono wa Nolan na kuubana, akijiandaa kumpigania hata kwa baba yake.

Lad alitoka. Bakuli la Marie lilikuwa limejaa soseji za kuvuta moshi, zimepangwa safu kwa safu, mpaka nyingine zinaning'inia nje. Alilisukumiza kifuani kwa Nolan bila kumtazama machoni.

"Sijakuuzia," alisema kwa ukali. "Wateja wote wasikie, sijamuuzia. Lakini bakuli la mke wangu halitoki nyumbani kwangu tupu."

Akageuka kurudi ndani, haraka, akijifuta macho kwa aproni.